Mwongozo wa kuandaa mradi wa wadi usiozaa mafuriko: mazingira, maafa na maendeleo katika mpango mmoja, Mombasa

Mwongozo huu ni wa kamati za wadi, BMU (vikundi vya usimamizi wa fuo za uvuvi), vikundi vya mazingira, wazee wa mitaa na maafisa wanaoandika mapendekezo ya miradi katika Kaunti ya Mombasa. Hali ya kawaida ni hii: barabara inajengwa na idara moja, mikoko inalindwa na shirika jingine, na mvua ikishanyesha anayepigiwa simu ni Msalaba Mwekundu. Kila mmoja ana faili lake, na mwenye nyumba iliyoingia maji hana faili hata moja.

Kuunganisha mazingira, maafa na maendeleo hakuhitaji ofisi mpya. Kunahitaji maswali mawili yaulizwe kwa kila mradi kabla pesa hazijapangwa. La kwanza linafahamika kwa sababu sheria inalidai: mradi huu utaharibu nini katika mazingira? La pili husahaulika: mvua, bamvua (maji makuu ya bahari ya mwezi mwandamo na mpevu) na tope vitaufanya nini mradi huu, na mradi utamsukumia nani maji hayo? Barabara ikiinuliwa sentimita 40 bila kalavati, yaani njia ya kupitishia maji chini yake, imemaliza mafuriko ya wenye magari na kuyapeleka kwa walio nyuma yake.

Mfano tutakaoufuata ni mradi unaoombwa kuliko mingine yote: barabara ya mtaa na mtaro wake, katika eneo linaloteremka hadi kwenye hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Ukibadilisha majina, hatua ni zilezile kwa Jomvu, Kisauni, Likoni au Changamwe.

Hatua ya 1: Fuata njia ya maji kwa miguu

Usianze na ramani ya mradi. Anza juu kabisa, pale tone la kwanza linapoanza kutiririka, ushuke na maji mpaka baharini. Chukueni futi ya mita 5, chaki, mabuti, daftari, na simu inayoweza kurekodi mahali mlipo. Watu wanne wanatosha: mmoja anapima, mmoja anaandika, mmoja anapiga picha, na wa nne ni mwenyeji anayejua kila kichochoro.

Kwa kila mtaro na kila kalavati andikeni upana, kina, na unene wa mchanga uliolala chini. Wekeni alama kila mahali mtaro unapokuwa mwembamba ghafla, maana shida nyingi za mtaa zimekaa hapo. Mtaro wa sentimita 80 ukiingia kwenye bomba la sentimita 45, hata ungejengwa kwa dhahabu juu, utapitisha kile bomba linachopitisha. Andikeni pia vibanda vilivyokaa juu ya mtaro, mabomba ya choo yaliyounganishwa humo, na nguzo za umeme zilizosimama katikati ya njia ya maji.

Kisha ulizeni maji yalifika wapi, na mpime alama ukutani kutoka sakafuni, kwa sentimita. Jibu la "yalijaa sana" halisaidii kitu. Wasaidieni watu kukumbuka kwa kuyataja matukio wanayoyajua: El Niño ya 1997/98, mvua za Mei 2017, mvua za Novemba 2023. Zungumzeni na wanawake, wanaume, vijana na watu wenye ulemavu kwa makundi tofauti, maana kwenye baraza moja watasema wale waliozoea kusema. Mama wa mahamri, aliyeko jikoni saa kumi alfajiri, atawaambia kichochoro kipi huingia maji kabla ya vingine na kwa muda gani, jambo ambalo anayerudi kazini jioni hulikuta limeshakwisha.

Mkifika kwenye hori, msiishie hapo. Mito ya Kombeni na Tsalu huingia hori ya Tudor. Mwache na Cha Shimba huingia upande wa Port Reitz. Tope la hori zetu hutoka mashambani Kwale na Kilifi. Mvua za 1997/98 zilishusha tope jingi kiasi cha kuzika mizizi ya mikoko ya Mwache, na eneo kubwa likakauka. Wadi ya Mombasa haiwezi kuamuru matuta yachimbwe Kwale au Kilifi, lakini inaweza kuandika katika pendekezo lake kwamba jambo hili lipelekwe Jumuiya ya Kaunti za Pwani.

Hatua ya 2: Pima maji, usikisie

Hesabu hii hufanyika kwa kalamu na karatasi, na ndiyo inayotofautisha ombi la kweli na malalamiko. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi.

Tuseme eneo linalomwagia maji mtaro wenu ni hekta 4, limejaa nyumba za mabati na vichochoro vya zege, na mvua inanyesha kwa kasi ya milimita 60 kwa saa. Hiyo ni mvua kubwa, lakini Pwani si ya ajabu. Katika mtaa uliojengwa hivyo, chukulieni kwamba asilimia 70 ya mvua hutiririka badala ya kunywewa na ardhi. Zidisheni 0.7 kwa 60 kwa 4, mgawanye kwa 360, tarakimu inayogeuza milimita kwa saa na hekta kuwa mita za ujazo kwa sekunde. Mnapata mita za ujazo 0.47 kila sekunde.

Sasa upimeni mtaro uliopo. Una upana wa sentimita 60 na kina cha 60, wa mawe yaliyopigwa plasta, na unateremka sentimita 50 kwa kila mita 100. Maji humo hukimbia kama mita 1.2 kwa sekunde. Ukijaa hadi ukingoni unapitisha 0.43, kwa hiyo ni mdogo hata ukiwa safi. Ukiwa na sentimita 30 za mchanga, nafasi imebaki nusu, na kasi nayo imepungua kwa kuwa maji membamba husuguana zaidi na kuta. Hapo unapitisha kama 0.18. Mtaro uleule umepoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake bila tofali hata moja kubomoka.

Mtaro wa upana wa 80 na kina cha 70, ukiacha sentimita 10 za juu kuwa akiba, hupitisha kama 0.58 hata tukichukulia kasi ileile ya mita 1.2. Unatosha. Pendekezeni huo, na mhandisi wa kaunti aihakiki hesabu. Kazi yenu ni kuhakikisha swali limeulizwa kwa tarakimu, si kumpokonya kazi yake.

Mambo manne huharibu mtaro mzuri, na yote huamuliwa siku ya kuchora:

Mteremko ukiwa mdogo, maji hutembea pole na kuacha mchanga. Sentimita 50 kwa mita 100 ndicho kiwango tunachokitetea. Ardhi ikikataa, usafishaji utakuwa wa mara nyingi zaidi na bajeti lazima iseme hivyo.

Pasipokuwa na shimo la kunasa mchanga, kila kichochoro cha udongo humwaga mzigo wake ndani. Chimbeni shimo la mita 1 kwa 1, sakafu yake ikiwa nusu mita chini ya sakafu ya mtaro, kila panapoingia njia ya udongo. Hunasa nusu mita ya ujazo kabla ya kujaa.

Wavu wa chuma mdomoni mwa kalavati ukisimama wima na nondo zake zikabanana, chupa na majani huugeuza kuwa bwawa katika dakika kumi. Wekeni nondo zenye nafasi ya sentimita 10, zilizolala kwa mshazari ili taka zipande juu, na pawe na mahali pa mtu kusimama akizivuta kwa reki.

La nne ni vifuniko, na hapa tusimame kidogo. Kifuniko cha zege cha mita 1 kwa 1 na unene wa sentimita 15 kina uzito wa kama kilo 360. Hakuna anayekiinua, kwa hiyo mtaro haufagiliwi tena mpaka siku ya mafuriko. Kwa mtaro wa sentimita 80, kifuniko chenye nondo cha sentimita 100 kwa 40 na unene wa 8 kina kama kilo 77, na watu wawili wenye kulabu hukitoa. Hicho ni cha wapita njia tu. Panapopita tuktuk na magari pawe na kifuniko kizito, lakini kila mita 10 pawe na chepesi cha kufungulia. Katika michoro mingi kipengele hiki hakimo, na kukiongeza kabla ya zabuni ni rahisi kuliko jambo lolote lingine katika mwongozo huu.

Kabla ya kuomba mtaro mpana zaidi, angalieni pia mapaa. Paa la shule la mita za mraba 300 hupokea lita 15,000 katika mvua ya milimita 50. Toeni asilimia 20 inayopotea, zinabaki 12,000. Tangi la lita 10,000 hujaa siku moja. Maji hayo hayakushuka mtaroni, na mji huu wa maji ya mgao una matumizi nayo. Tangi liwe limemwagwa, au limebaki chini ya nusu, kabla ya mvua kubwa, la sivyo halipunguzi chochote.

Hatua ya 3: Nendeni kwenye mdomo wa mtaro siku ya bamvua

Mtaro hauishii pale ramani inapoishia. Hapa kwetu maji hupanda na kushuka karibu mita 4 siku za bamvua kubwa. Sakafu ya mdomo wa mtaro ikiwa chini ya maji makuu, basi kwa saa mbili tatu bahari imeuziba, na mvua ikinyesha ndani ya muda huo maji ya mtaa hayana pa kwenda. Ndiyo sababu mvua ileile leo hupita salama na wiki ijayo inaingia vyumbani.

Upimaji wake hauna gharama. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni. Saa kamili itazameni kwenye majedwali ya maji kujaa na kupwa ya Mamlaka ya Bandari. Nendeni saa kumi jioni, mpige mstari wa chaki au rangi pale maji yalipofika kwenye ukuta wa mtaro. Rudini asubuhi ya pili kiasi cha saa nne au tano maji yakiwa yamekupwa, mpime kutoka sakafu ya mdomo hadi mstari ule. Ikiwa mstari uko juu ya sakafu, andikeni ni kwa sentimita ngapi. Tarakimu hiyo iwekwe ukurasa wa kwanza wa pendekezo.

Marekebisho ni matatu. Mnaweza kuinua mdomo ikiwa ardhi inaruhusu. Mnaweza kutundika mlango wa kujifunga wenyewe, bawaba zikiwa juu, unaosukumwa na maji ya mvua na kufungwa na bahari. Mlango huu hufa kwa sababu ndogo: kijiti, gunia au magamba ya baharini kwenye bawaba, na kuanzia hapo bahari hupanda ndani ya mtaro. Lazima ukaguliwe kabla ya kila bamvua, yaani mara mbili kwa mwezi, na mtu ajulikane kwa jina.

La tatu ni kuyapa maji pa kusubiri. Uwanja wa mpira wa mita za mraba 2,000 ukishushwa sentimita 30 hubeba mita za ujazo 600. Kwa mtaro wetu wa mfano, hizo ni dakika 20 hivi za mvua ikiwa kileleni. Si nyingi, na tusiudanganye mtaa kwamba uwanja umemaliza mafuriko; lakini dakika 20 ni tofauti ya maji kufika kizingitini na kufika kitandani.

Hatua ya 4: Mikoko, mahali pake na kwa kazi yake

Mikoko imekuwa jibu la kila swali, na hilo limewaponza wapandaji wengi. Mikoko haizuii mafuriko ya mtaro ulioziba. Upande wa bahari kuu mawimbi huvunjwa kwanza na mwamba wa matumbawe. Ndani ya hori, kazi ya mikoko ni kushika kingo, kunasa tope, kuchuja maji machafu na kulea samaki na kaa. Katika mpango wenu iandikeni kwa kazi hiyo.

Mikoko ni msitu wa umma, na ilitangazwa hifadhi ya serikali tangu 1932, kwa hiyo kupanda, kama kukata, hufanywa kwa idhini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Kikundi kikitaka haki ya kudumu ya kuutunza, njia yake ni chama cha msitu cha jamii chini ya Sheria ya Misitu ya 2016. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI) iko hapa hapa Mkomani. Watake ushauri kabla ya kununua mche hata mmoja.

Swali la kwanza: iliyokuwapo ilikufa kwa nini? Kama ni kukatwa, na ukataji umesimama, mara nyingi mbegu huja zenyewe na mkihesabu miche ya asili mtaona haina haja ya kuongezewa. Kama ni maji yaliyozibwa na tuta au barabara, fungueni njia ya maji kwanza. Kama ni taka au mafuta, kupanda ni kutupa pesa matopeni.

Swali la pili: aina gani ya mikoko inakaa wapi? Mlilana husimama mbele kabisa, ukingoni mwa maji ya kina. Nyuma yake mkoko, ule wenye mizizi ya magongo. Kisha mkandaa, kwenye tope gumu zaidi. Mchu una tabia yake: huonekana mbele na tena huku juu kwenye chumvi nyingi. Angalieni msitu mzima ulio karibu, mwige mpangilio wake. Kosa kubwa kuliko yote ni kupanda mkoko kwenye tope tupu la chini ambako haujapata kuota, kwa sababu tu pako wazi na picha hutoka nzuri. Pale hukaa ndani ya maji muda mrefu mno, magamba ya baharini huganda kwenye shina changa, na mwaka haupiti.

Mbegu ya mkoko iliyoiva hutambulika kwa shingo yake ya manjano na huachia ikiguswa. Tupeni zenye matundu ya wadudu. Zikae kivulini ndani ya gunia bichi, zipandwe ndani ya wiki moja. Ichomekeni theluthi moja tu ya urefu, ncha ya chipukizi ikiwa juu; watoto wa shule hupenda kuizika nusu nzima au kuigeuza, kwa hiyo mmoja apite nyuma akikagua. Kwa nafasi ya mita 1 hekta moja huchukua mbegu 10,000. Kwa mita 2, ni 2,500. Mchu ulelewe kitaluni kwanza, maana kimbegu chake kidogo hubebwa na maji na kaa hukikata.

Hesabuni iliyo hai baada ya miezi 3, 12 na 24. Ikiwa nusu imekufa kwa miezi 3, msipande tena mpaka sababu ijulikane. Mapendekezo ya kujaziliza mapengo kila mwaka huficha jambo hilo kwa miaka.

Na mapato? Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni inayonaswa na mikoko, tangu 2013 kutokana na hekta 117, na pesa zimelipia maji na shule. Msiahidi hivyo kwa hekta tatu za pembeni mwa mtaa: gharama ya upimaji na uhakiki itameza mapato. Mizinga ya nyuki au ufugaji wa kaa ni saizi yake.

Hatua ya 5: Taka na choo

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017; chupa, nepi na magunia hayakupigwa. Mkokoteni wa taka usipopita, mtaro ndio jaa. Kwa hiyo mradi wa mtaro usioonyesha taka za nyumba zilizo kando yake zitabebwa na nani, siku gani na kwenda wapi, urudishwe kwa aliyeuandika.

Kuhusu vyoo: sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye nyufa, na maji ya choo husafiri humo bila kuchujwa hadi visimani. Kanuni ya kawaida ya mita 30 kati ya shimo na kisima haitoshi kuwa kinga hapa. Chukulieni kila kisima cha mtaani kuwa si cha kunywa mpaka maji yapimwe, hasa baada ya mafuriko. Choo cha mahali panapojaa maji kiinuliwe juu ya alama mliyoipima ukutani katika hatua ya 1, na shimo lake lijengewe kuta.

Pia, maafa si maji peke yake. Owino Uhuru, Mikindani, watu waliingiwa na sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mkipita na daftari, andikeni viwanda, maghala na matangi ya mafuta yaliyo jirani na makazi.

Hatua ya 6: Iingizeni katika karatasi zenye pesa

Mpango mzuri usiofika tarehe yake ni hadithi. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, waraka wa mikakati ya fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kwa hiyo mradi mnaoutaka mwaka ujao lazima uwe mezani kabla ya Septemba ya mwaka huu. Wengi huja Aprili, mvua ikiwa imeanza na hasira ziko juu, wakati mlango umekwisha fungwa. Mpango wa miaka mitano uliopo ni wa 2023 hadi 2027. Mradi usioonekana humo hata kwa jina la jumla hupata tabu, na mpango utakaofuata huandaliwa ndani ya 2027.

Msitegemee mfuko wa dharura. Huo kisheria ni wa jambo lisilotazamiwa. Maji yanayoingia kichochoro kilekile kila Mei yametazamiwa vya kutosha.

Kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, mradi mdogo huanza na ripoti ya muhtasari, na mradi wa hatari kubwa hudai utafiti kamili wa athari, vyote vikiandaliwa na mtaalamu aliyesajiliwa. Ndani ya ripoti huwamo mpango wa usimamizi wa mazingira: jedwali la athari, hatua, mhusika na gharama. Hapo ndipo pa kuunganishia. Dai mistari mitatu iongezwe: kiwango cha mafuriko kilichopimwa, hali ya mdomo wa mtaro siku ya bamvua, na majina ya vichochoro vitakavyopokea maji zaidi baada ya mradi. Mwenye zabuni hufungwa na kilichoandikwa. Ahadi ya mdomo kwenye baraza haimfungi.

Hatua ya 7: Bei ya kutunza iandikwe siku moja na bei ya kujenga

Turudi kwenye mfano. Mtaro una urefu wa mita 600 na upana wa 80, na mchanga umelala sentimita 20. Hiyo ni mita za ujazo 96. Kibarua mmoja hutoa kama mita 2 kwa siku, kwa hiyo ni siku 48 za mtu: watu 8 kwa siku 6. Lori la mita 7 litaenda safari 14. Zidisheni kwa ujira na bei ya lori ya wakati huo, mara mbili kwa mwaka, na hiyo ndiyo bajeti ya matunzo.

Safari za lori ndizo hukatwa kwanza pesa zikipungua. Tope huachwa kando ya mtaro, mvua ya kwanza hulirudisha, na vibarua wamelipwa kwa kazi ambayo haikufanyika. Afadhali kusafisha mita 300 na kuondoa tope lake lote kuliko mita 600 zenye kilima kila upande.

Wakati nao ni mtego. Masika huanza Machi na Mei ndiyo kilele. Vuli ni Oktoba hadi Desemba. Usafishaji uishe Februari na tena Septemba. Lakini pesa zilizopitishwa Juni mara nyingi hazijafika Septemba. Ombeni mkataba wa usafishaji uwe wa miaka miwili au mitatu, si wa kutangazwa upya kila Julai.

Hatua ya 8: Tahadhari yenye kazi ndani yake

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu, wa mwezi, na wa siku chache, pamoja na tahadhari za mvua kubwa. Ujumbe wa "kaeni chonjo" haumwambii mtu afanye nini. Andikeni ukurasa mmoja, ubandikwe kwa chifu, msikitini, kanisani na kituo cha BMU:

Utabiri wa msimu ukisema mvua itazidi wastani: mashimo ya mchanga yatolewe, nyavu zikaguliwe, orodha ya wazee, wagonjwa na wenye ulemavu wa kila nyumba kumi isahihishwe.

Tahadhari ya mvua kubwa ikitoka: tazameni jedwali la maji. Ikiwa ni juma la bamvua, kiwango cha hatari kipande daraja moja. Matangi yamwagwe, mlango wa bahari ufunguliwe na kufungwa kwa mkono kuujaribu, vitu vya thamani na vitabu vya shule viinuliwe juu ya alama ya ukutani.

Maji yakifika alama ya kwanza mtaroni (mstari wa rangi ya manjano, theluthi mbili ya kina): umeme uzimwe kwenye nyumba za chini, tangazo lipite kwa spika ya msikiti, waliomo kwenye orodha wahamishwe kwanza. Mkitumia shule kuwa kimbilio, ufunguo wake uwe kwa watu wawili wanaolala mtaani, si kwa mwalimu mkuu anayekaa mbali.

Kipimo cha mvua cha plastiki kiwekwe shuleni, mbali na miti na paa, kisomwe kila siku saa tatu asubuhi. Baada ya misimu miwili mtajua wenyewe ni milimita ngapi huingiza maji kichochoro gani, na jedwali lenu litakuwa sahihi kuliko la mji mwingine wowote.

Hatua ya 9: Ukaguzi baada ya mvua

Ndani ya saa 48 za mvua kubwa, alama za tope zikiwa bado zinaonekana, pitieni njia ileile ya hatua ya 1 na futi ileile. Pimeni maji yalipofika, mlinganishe na alama ya zamani. Andikeni milimita zilizonyesha na saa ya maji kujaa siku hiyo. Bila tarakimu hizo mbili, mtaro utasifiwa kwa mvua ndogo au kulaumiwa kwa bamvua.

Nakala moja ya daftari ibaki kwa mtunza rekodi wa kamati, moja kwa msimamizi wa wadi, na moja iambatishwe kwenye pendekezo la Septemba. Mwakilishi wadi na maafisa hubadilika, kwa hiyo siku ya makabidhiano mtembezeni mgeni kutoka juu hadi mdomoni mwa mtaro, saa kumi jioni, siku ya bamvua.